Shavu la Kushoto la Bi Kiza

Kila Jumatano shemeji yangu alimchora dada yangu akiwa maiti, na Jumamosi mji mzima ukamnunua. Nasema hivyo kwa uchungu na sitamwomba mtu radhi.

Shemeji alikuwa mchoraji wa katuni za kutisha, zile za zamani za rangi mbili, nyeusi na nyekundu, ambazo ukishika gazeti lake linakuachia wino vidoleni. Watu walimwita Mzee Mizimu tangu angali kijana. Mzimu wake mkubwa alikuwa Bi Kiza, mwanamke aliyekufa akawa anarudi nyumbani kwake kila wiki kudai kitu: leo kitana, wiki ijayo kiatu, siku nyingine mume. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa mzima, mzuri hasa. Wa kushoto umeoza, nyama inaning'inia, meno yanaonekana mpaka karibu na sikio. Uso huo ulikuwa wa dada yangu.

Mwanzoni ilikuwa utani wa mtu na mkewe. Mhariri alitaka mzimu wa kike, na pale chumbani hapakuwa na mwanamke mwingine wa kukalishwa kitini bure. Dada akakaa karibu na dirisha, kajipaka unga shavu moja, anacheka mpaka unga unapukutika. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia aozeshe zaidi, eti hapo bado hajatisha. Halafu akajifungua binti yake, damu ikakataa kusimama, akafa. Gazeti halikukosa kutoka. Wasomaji walimtaka Bi Kiza na shemeji akawapa, sasa akimchora kwa kumbukumbu. Mimi nilihamia pale kulea mtoto. Napika chumba cha pili, nasikia nibu ya kalamu yake inakwaruza karatasi, na damu inanichemka.

Lakini mkono alikuwa nao, hilo siwezi kumnyima. Wachoraji wenzake walimwaga damu kila kisanduku cha katuni kama watu wanaopaka ukuta rangi. Yeye damu aliifanyia uchoyo. Angekuchorea mlango ulioachwa wazi kidogo na vidole vinne ukingoni, basi, utalifunga gazeti uende ukaangalie mlango wako. Mvua yake aliichora kwa wembe: anapaka wino mweusi, ukikauka anaukwangua mstari kwa mstari mpaka weupe unatokea. Ukiitazama mvua ile unatafuta shuka. Hata makosa aliyaondoa kwa wembe huohuo.

Binti yetu alikulia ndani ya magazeti yale. Watoto wengine walijificha chini ya blanketi, yeye aliuliza kivuli kile kimeangukaje huku taa iko kule. Ukimfunika jina la mchoraji kwa kidole angekutajia nani kachora: huyu anaogopa kuchora mikono ndiyo maana kila mtu kaitia mfukoni, huyu macho yake yote ni ya mbuzi. Nilikuwa nacheka huku nimekasirika. Maana picha ya mama yake hasa, ya kamera, hakuwa nayo hata moja. Shemeji alihifadhi michoro yake kwenye sanduku la bati. Picha za dada aliziacha kwenye boksi la karatasi chini ya kitanda, mchwa wakazimaliza. Tulipofungua tulikuta udongo. Siku ile nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii shemeji yake, na tukakaa nyumba moja tukisalimiana kwa kukohoa.

Sasa amezeeka. Presha ya macho imeshamla jicho moja, na hilo lililobaki daktari kasema halina muda mrefu. Binti ameolewa, ana mimba ya kwanza. Juzi mchana alikuja akaketi mbele ya baba yake, akaomba kitu kimoja tu: amchoree mama yake akiwa mzima, kabla mwanga haujaisha. Watu wote wanamwambia kafanana naye. Anataka aone kafanana na nani.

Shemeji akasema hakuna haja hata ya kuchora. Siku zote alianza na penseli, uso mzima wa mtu hai, ndipo auharibu kwa wino. Kwa hiyo mama yupo, yuko chini ya wino. Akaenda sandukuni, akatoa karatasi yenyewe ya toleo la kwanza, ile aliyoichora dada akiwa amekaa dirishani, akachukua wembe. Binti akamwekea taa karibu ingawa jua lilikuwa linawaka nje. Mimi nilisimama mlangoni na ufagio wangu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilitaka mtu yule afaulu.

Akakwangua taratibu, anapuliza, anakwangua. Nyama iliyoning'inia ikaondoka. Meno yakaondoka. Chini yake palikuwa peupe. Akazidi kukwangua, karatasi ikawa nyembamba, ikatoboka, na wembe ukagonga meza. Hapo ndipo alipokumbuka. Penseli alikuwa akiifuta kwa raba kila mara kabla ya kupeleka kazi kwa mchapaji, kwa sababu mchapaji hakutaka kuona doa. Aliifuta yeye mwenyewe, tena kwa bidii.

Nilidhani atalia. Hakulia, alikaa tu akipangusa vumbi la wino mezani kwa kiganja.

"Chora sasa, baba," binti akamwambia. "Upande wa kulia upo. Mmalizie kushoto."

Akachukua karatasi mpya. Upande wa kulia ukatoka bila shida: nywele, sikio, jicho lenye ujanja kidogo. Jamani, nilimwona dada yangu. Nikashika ukuta. Lakini penseli ilipovuka pua ikakwama. Anachora, anafuta. Kila mstari ulishuka wenyewe pale inapoanza kuning'inia nyama. Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia si ageuze tu upande mmoja uwe kama wa pili, hatumtaki malaika.

"Haukuwa sawa na wa pili, shemeji," akasema. "Shavuni alikuwa na kitu. Nilikuwa nakibusu. Shavu lenyewe nimelichora limeoza miaka yote hii, sasa sijui kilikuwa nini."

Akanigeuzia lile jicho lake moja. "Yule ni dada yako wewe. Kilikuwa nini?"

Binti naye akanitazama, mkono juu ya tumbo. Nikafumba macho nimtafute dada, yule niliyelala naye kitanda kimoja utoto wote, aliyenisuka nywele, aliyenichapa. Akaja upesi, kanipa upande wa kulia wa uso, anacheka. Nikamwomba ageuke. Akageuka, na meno yalikuwa yanaonekana mpaka karibu na sikio.

Nikafumbua macho.

"Kishimo," nikasema. "Akicheka, palikuwa na kishimo."

Shemeji akaitikia kwa kichwa, tena kwa furaha, kama mtu aliyekumbushwa, akakichora. Binti alishika ile karatasi kwa mikono miwili muda mrefu. Kisha akaenda nayo kwenye kioo, akajilazimisha kucheka, akakitafuta shavuni mwake.