Sistimu ya Bure Niliyoikataa

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msinitafutie sababu. Kosa ni langu, na aliyelibeba ni mjukuu wangu.

Nimeuza mbuzi soko la Kiamaiko mpaka magoti yakakataa. Shule sikuenda sana. Mbuzi hao ndio waliofungua duka letu la kompyuta hapa Tassia, chini ya ploti, jengo la ghorofa tunalokaa, nikamkabidhi mjukuu wangu Rehema. Kule nyuma kuna seva, kompyuta inayotunza kazi za wateja wote.

Siku moja Rehema akanieleza kwamba waliotengeneza sistimu, programu inayoendesha hiyo seva, wameiacha. Ikipata tundu la kupitia wezi, hakuna tena wa kuliziba. Ila alishapata nyingine ya kuweka mahali pake, inafanana na ile ya kwanza kama pacha, ameijaribu kwenye kompyuta kuukuu na haijamsumbua. Nikamuuliza bei.

"Ni ya bure, bibi. Watu wameitengeneza pamoja, wanaigawa."

Nikacheka. Kiamaiko ukigawiwa mbuzi bure, ujue alikufa kabla ya kisu. Nikasema sitaki kitu kisicho na mwenyewe; tutanunua, kwa muuzaji ninayeweza kumshika shati. Akanisihi tuiweke hiyo kwa sasa tu. Nikamwambia mwenye duka ni mimi.

Wauzaji wakaja. Huyu nikamwona ana maneno mengi, yule bei yake ikanishinda. Tukabaki na ile ya zamani.

Wezi wakapata tundu humo, wakaingia kwa mtandao. Wakafunga kila kitu kisifunguke tena, hata diski ya nakala za akiba iliyokuwa imechomekwa humo.

Atieno wa ghorofa ya tatu alikuwa ameweka humo mradi wake wa mwisho wa chuo. Hakuwa nao kwingine. Anarudia mwaka. Mama yake akashuka dukani, nami nimeketi pale pale kwenye benchi.

"Wewe Rehema ulikuwa unalinda nini hapa, kucha zako? Shosho wako amekufungulia duka, wewe unacheza na simu!"

Rehema akanitazama. Mimi nikaendelea kuchambua mchele.

 

Sijalia. Nakula, naswali, nalala. Rehema ananipa shikamoo na chai, kisha anaingia chumbani. Aliomba kazi ofisi moja kule mtaa wa Fedha. Wakamuulizia hapa mtaani, wakasikia habari ya seva, hawakumpigia tena.

Vijana, mkubwa akiamua jambo asilolijua, msinyamaze kwa adabu. Na wewe mkubwa mwenzangu, kabla hujauliza bei, msikilize anayeijua kazi.

Nimepanda kwa Mama Atieno, nikamwambia aliyekataa sistimu mpya ni mimi. Akanisikiliza mlango ukiwa nusu wazi, akaufunga. Nikashuka, nikawaita wote wa nyumbani kwangu, Rehema akiwepo. Nikawaambia: mtu yeyote akija kuulizia kazi yake iliyopotea, msimwite Rehema. Mleteni kwangu, na mlango muuache wazi, majirani wasikie.