Mama Mkwe Anasema Nimeharibu Jina la Ukoo Wao Kwenye Kompyuta Makusudi

Mkiichapisha hii naomba mfiche jina langu, kazini kwetu ukurasa huu unasomwa sana. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa wakaja kuchuma chai Kericho, nami nikazaliwa huku huku. Nafanya kazi ya kompyuta kwa ofisi ya kiwanda kimoja cha chai, upande wa Bomet. Nimechumbiwa na kijana Mkipsigis, nimwite Kibet. Mama yake ni mkulima, anauza majani kwetu, na alikuwa ananipenda sana.

Shida ilianza meneja alipoleta kompyuta mpya. Akaniagiza nichapie majina ya wakulima huko, halafu niyahamishe kwa programu ya zamani inayotoa kadi za wakulima za kuuzia majani. Kadi zikatoka, akazituma kwenye vituo vya kupokelea majani hata kabla sijazipitia. Kumbe kila jina lenye ng', kama Ng'eno au Kiplang'at, limeingiliwa na herufi ya ajabu, A na E zimeshikana: NgÆeno. Ukoo wa Kibet una hiyo ng'.

Vituoni watu wakaanza kusema msichana wa ziwa anachezea majina ya Wakipsigis. Na mnajua miaka hii makabila tunavyotazamana kwa shaka huku.

Sikutulia. Natoka kwa kompyuta hii naenda kwa ile, nachapa jina lile lile tena na tena. Mwishowe nikaona. Ile mpya inakipinda kile kialama cha juu cha ng' yenyewe bila kuulizwa, na programu ya zamani haikijui kikiwa kimepinda, kwa hivyo inaweka herufi nyingine. Nikazima huko kupinda, nikarudia majina yote, yakatoka safi.

Nikamwambia meneja tuwaeleze wakulima. Akasema, "Wachana na hiyo. Wakisikia ni kompyuta, wakubwa wataniuliza kwa nini niliinunua. Sema ulikosea kuchapa, iishe."

Nikaenda kwa mama mkwe mwenyewe. Nilimbebea karatasi yenye jina la baba yangu, maana hata sisi tuna ng', nalo limeharibika vile vile. Aliitazama akanirudishia.

"Umeharibu la baba yako ili ujifiche," akasema. "Bado hujaingia kwa nyumba yetu na jina letu umelifanya hivi. Ukizaa, watoto utawaita nani?"

Kibet alikuwa ameketi hapo. Aliponisindikiza barabarani ndipo aliniambia, "Omba tu msamaha. Mama ni mtu mzima, na msamaha ni maneno tu."

Nikamuuliza, "Wewe unaamini nilifanya?"

Tukatembea. Halafu akasema, "Mimi sijui mambo ya kompyuta."

Kadi mpya zimetoka sawa, lakini sasa wanasema nimerekebisha kwa sababu nilishikwa. Jumamosi wazee wetu na wao wanakutana kwa mambo ya posa, na mama yake Kibet amesema bila msamaha hakuna kikao. Nikiomba, nimekubali niliwatukana, na nitaishi nalo katika boma lile maisha yangu yote. Nikisimama mbele ya wakulima niseme ukweli, kazi imekwisha. Naketi nasimama, naenda hadi mlangoni narudi.

Ndugu zangu, nipeni mawazo kabla ya Jumamosi. Nikapige magoti kwa kosa ambalo si langu? Na mwanamume aliyeshindwa kunijibu swali lile moja, niolewe naye?