Mlango wa Mama Mkwe

Mtaani walimwita Fundi Ngoja. Jina hakulipenda, ila alilistahili. Ukimwita akutobolee ukuta utie dirisha, fundi mwingine angefika na nyundo begani; yeye alifika mikono mitupu. Angeugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, angetega sikio, angetoka nje kulitazama paa, angerudi ndani, na mwenye nyumba akifungua tu kinywa, angeinuliwa mkono: "Ngoja kwanza."

Kujenga ukuta mpya, alisema, ni kazi ya raha, kwa sababu ukuta mpya haujabeba kitu. Kuutoboa uliokwisha simama ni kama kumwondolea mtu mguu mmoja na mzigo bado uko kichwani mwake. Ujanani, alipokuwa akifundishwa kazi na mjomba wake, alishuhudia ukuta wa jiko ukishuka mzima mzima huku mwenye nyumba akiwasifu kwa kazi safi. Hakuumia mtu. Lilikufa kabati la vyombo tu, lakini ule mlio wa sahani ulimkaa masikioni. Tangu hapo, asubuhi ya kazi ya kutoboa hakupitisha kitu kooni zaidi ya chai. Mkewe alikwisha zoea. Akiuona mkate haujaguswa, alicheka: "Leo kuna ukuta unaogopwa mahali."

Basi ukaja mwaka ambao mama mkwe wake aliteleza bafuni akavunjika nyonga.

Bibi huyu aliishi kwa mwanawe wa kiume, katika nyumba aliyoijenga marehemu mumewe. Mwana, yaani shemeji yake Fundi, alikuwa ameongeza ghorofa juu. Chumba cha mama kilikuwa chini, upande wa barabarani, lakini mlango wake ulifungukia sebuleni. Ili aone jua, ilimbidi akatize sebule mbele ya wageni, apite ukumbi mwembamba, kisha ashuke ngazi za mlango mkubwa. Kabla ya kuanguka lilikuwa jambo dogo. Baada ya kuanguka, akiwa na magongo mawili, zile ngazi zikawa mlima. Akakaa ndani. Miezi ikapita, akawa mweupe kama kitu kilichofunikwa na sufuria.

"Mume wangu," mkewe Fundi alimwambia siku moja wakila, "mji mzima huu wewe unawatobolea watu milango. Mama yangu je?"

Chakula kilimpalia. "Ukuta ule umebeba ghorofa."

"Umebeba ghorofa, na mama yangu umemfungia."

Akanawa mikono, akatafuta futi yake ya kupimia.

Alipokwenda kuukagua, shemeji yake alimpokea kwa furaha iliyozidi kipimo. Mlango wa barabarani? Wazo zuri sana! Aanze hata kesho! Fundi alishangaa kidogo, lakini akili yake yote ilikuwa ukutani. Alipima, akagonga, akasikiliza. Tofali zilikuwa nzuri. Kilichomkosesha raha ni kibaraza cha juu: kwenye kona, juu kabisa ya pale mlango utakapokaa, lilisimama tangi kubwa la maji.

"Tangi lile limwagwe," alisema. "Likae tupu mpaka niseme."

"Hesabu limekwisha mwagwa," shemeji akajibu, akatoka kwenda sebuleni.

Kisha Fundi akamgeukia mama mkwe, aliyekuwa ameketi kitandani na magongo yake mapajani. "Mama, itabidi uje kwetu siku chache. Vumbi litakuwa jingi."

"Siendi."

"Mama, ni siku chache tu."

"Mkwe wangu, nimekuheshimu siku zote, na wewe niheshimu." Akapunguza sauti, akautupia macho mlango wa sebuleni. "Huyu mwanangu anautaka mlango huu kuliko mimi ninayeumwa. Amekuja mwanamke hapa, akasimama hapo ulipo, akapima chumba kwa macho. Mwanamke wa saluni. Nikitoka humu, nikirudi nitakuta vioo ukuta mzima. Toboa nikiwa humu humu."

Fundi alitaka kubisha. Alikuwa na maneno yote tayari, yale anayowaambia wenye nyumba wengine bila kupepesa. Lakini huyu ni mama wa mkewe, na tangu amwoe binti yake hakuwahi kumtazama machoni kwa muda mrefu, sembuse kumpinga. Akainamisha kichwa. "Sawa, Mama."

Neno hilo "sawa" lilimtafuna njia nzima ya kurudi nyumbani.

Siku ya kazi alikuja na fundi mwenzake aliyeitwa Tembo, mtu mwembamba hata ungedhani upepo ungemchukua. Kazi ilikuwa hivi: kwanza watoboe matundu madogo juu ya pale mlango utakapokuwa, wapitishe boriti fupi fupi, na kila boriti ishikiliwe na nguzo za miti ndani na nje, zikazwe kwa kabari. Mzigo ukishashikwa na nguzo, wachimbe mfereji wa kulaza linta, ule mhimili wa zege unaobeba ukuta juu ya mlango. Linta ikishika, ndipo tofali za chini ziondolewe.

Nje nguzo zilikaa vizuri. Ndani kulikuwa na kitanda, na kabati upande wa pili, na mama mkwe juu ya kitanda. Walikisukuma kitanda kikafika mwisho wake. Bado nguzo moja ilisimama mbali na ukuta kuliko Fundi alivyotaka.

Tembo akaitazama nguzo, akamtazama mwenzake. "Ingekuwa kwa mtu baki, ungekubali hii?"

"Kaza kabari," Fundi akasema.

Wakaanza kuchimba. Mama mkwe alijifunika mtandio puani, akawa anatazama kila pigo la tindo. "Mbona unagonga kama mtu anayeomba ruhusa?" akauliza.

"Naomba kweli, Mama."

Jasho lilimtoka ingawa hewa ilikuwa ya baridi. Kila baada ya mapigo machache aliacha, akaweka kiganja ukutani, akatega sikio. Mkewe, aliyekuja kumpikia mama yake, alichungulia kutoka sebuleni, akamwona uso ulivyokaza, akarudi jikoni. Mfereji ulipokaribia kumalizika, chembe za mchanga zikaanza kudondoka kutoka juu. Chache. Zikakoma. Zikaanza tena.

"Ngoja," alisema.

Tembo akashusha nyundo. Ndani ya ukuta, mahali fulani karibu na kona, kulikuwa na sauti nyembamba kama mtu anapiga mluzi akiwa amefunga meno.

"Unasikia?"

"Nini?"

"Maji."

Mtaa ule maji yalikuja yalipopenda, na siku nyingi yalikuwa hayajaonekana. Tangi lilimwagwa kweli, lakini hakuna aliyekumbuka kufunga koki ya bomba linaloliingizia maji. Sasa maji yalikuwa yamerudi na tangi lilikuwa linajaa kimya kimya juu ya vichwa vyao, na kwa jinsi bomba lilivyolia ndani ya ukuta, lilikuwa limekwisha jaa nusu.

"Shemeji!" Fundi alipiga ukelele dirishani. "Tangi! Funga koki!"

Shemeji, aliyekuwa nje akizungumza kwa simu, akaitupa mfukoni akapanda ngazi mbio. Wakasikia miguu yake juu, kisha sauti yake: "Imeshika kutu! Haizunguki!"

Juu ya ile nguzo iliyosimama mbali, ufa ulifunguka. Ulianza kama unywele, ukapanda kwa pembe, ukakata tofali moja katikati. Kabari ikalia.

"Mama, tutoke."

"Nimekwambia si..."

"Toka!"

Neno lilimtoka kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua. Mama mkwe akafunua kinywa. Fundi hakungoja jibu. Alimwinua kitandani kama alivyo, mtandio na yote, gongo moja likaanguka, na bibi akamshika kola kwa vidole vikavu vyenye nguvu. Fundi alikatiza sebule, ukumbi, akashuka ngazi, akamkalisha kwenye rundo la mchanga barabarani mbele ya wapita njia. Mkewe alikuwa ametoka nyuma yake. Akamkamata shati.

"Usirudi ndani."

"Tembo yumo."

Akajichomoa.

Tembo hakuwa amekimbia. Alikuwa ameegemeza bega kwenye nguzo, macho yamemtoka, kana kwamba mwili ule ungezuia ghorofa. Bila kuambiana neno wakakipindua kitanda kikasimama upande, wakaburuta mti wa akiba, wakausimamisha pale pale ambapo nguzo ingekuwa tangu asubuhi. Kabari ilimponyoka Fundi. Akaiokota, akaipachika, akaigonga, tena, tena. Juu yao kukasikika pigo la chuma, kisha maji yakamwagika nje ya ukuta kama mvua ya ghafla: shemeji alikuwa amelivunja bomba la kutolea maji chini ya tangi.

Wakasimama, wakausikiliza ukuta. Mchanga ulidondoka kidogo, ukakoma.

"Nadhani umetuhurumia," Tembo akanong'ona.

Fundi alikuwa akizikagua kabari moja moja.

Linta waliilaza kabla jua halijazama, wakashindilia saruji juu yake kila upande. Jioni hiyo familia ilikaa sebuleni pamoja na hakuna aliyekuwa na hamu ya kula. Shemeji, nguo zimelowa bado, ndiye aliyeanza. "Mama, yule wa saluni, ni kweli nilimwita mimi, apange chumba chako. Nilidhani ungekubali kuhamia juu."

"Juu. Na nyonga hii."

Mwana akatazama vidole vyake vya miguu. "Sikufikiri."

"Kwa hiyo sasa fikiri," mama akasema, na saluni ikaishia hapo.

Fundi naye alikuwa na lake. Usiku ule na siku zilizofuata moyo haukumtulia: kumpigia mama mkwe kelele, tena kumbeba mbele za watu kama mzigo! Alipopata nafasi, alipiga magoti karibu na kiti chake. "Mama, nisamehe. Nilikupandishia sauti."

Bibi akasogeza gongo kando. "Miaka yote hii nilidhani binti yangu ameolewa na bubu." Mkewe Fundi akacheka huku akijiziba mdomo. Mama mkwe hakucheka. "Kumbe sauti unayo. Ungeitoa tangu siku ile ya kwanza, mkwe wangu, ningetoka mimi na kitanda changu."

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli.

Zege lilipokauka, aliliongezea siku nyingine, na nyingine, mpaka mkewe akamuuliza kama zile nguzo zimekuwa wapangaji. Ndipo akaenda kuzitoa. Safari hii nyumba ilikuwa tupu, tangi limeshushwa uani, na mama mkwe yuko kwa binti yake, amekwenda bila kubembelezwa. Fundi alilegeza kabari ya kwanza, akasubiri. Ya pili. Nguzo ya mwisho aliishika mkononi muda mrefu, imelegea kabisa, haibebi chochote, na bado hakuweza kuiachia. Tembo akaichukua taratibu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akaitoa nje.

Tofali za chini zilitoka kirahisi. Mwanga wa barabarani ukaingia hadi chini ya kitanda.

Siku mama aliporudi, walikuwa wametia mlango wa mbao na mteremko laini wa saruji badala ya ngazi. Alitoka mwenyewe kwa magongo yake, polepole, akakaa kwenye kiti nje. Majirani wakamzunguka kumpa pole na hongera, mwingine akimlaumu kwa kupotea. Yeye akawa anawajibu wote kwa pamoja, analalamikia rangi ya mlango.

Fundi alibaki kizingitini, shingo ameinua, anapapasa lipu juu ya linta kwa ncha ya kidole. Kulikuwa na mstari mwembamba pale. Huenda ni lipu tu iliyokauka vibaya. Aliuchorea alama ya penseli kwenye ncha yake, ili akija tena ajue kama umesogea.