Hostia Zilizotiwa Chumvi

Saa mbili asubuhi, jua linaingia kwa dirisha dogo, na vumbi la unga linaelea ndani ya mwanga kana kwamba halina haraka ya kutua. Mwanamke wa miaka sitini na mmoja anamimina rojo la ngano juu ya bamba la chuma lenye moto, kisha analifunika kwa bamba la pili. Mvuke unatoka pembeni kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto: shshsh.

"Hapo usinisemeshe," anasema bila kugeuka. "Nasali. Salamu Maria nne, imeiva. Ya tano, imeungua."

Parokiani wanamwita Mama Hostia. Ni mwaka wa kumi na tisa sasa anaoka mikate myembamba ya altare, elfu tatu kwa wiki, katika chumba hiki nyuma ya nyumba ya masista. Ni unga wa ngano na maji, basi. Chumvi hairuhusiwi, wala sukari, wala mafuta.

Ndiyo maana kosa alilolifanya wiki saba zilizopita humchekesha na kumliza kwa pamoja.

Binti yake, kitinda mimba ambaye nyumbani wanamwita Kifaranga, alikuwa amelazwa wodi ya wazazi, mimba ikiwa ya wiki ishirini na sita. Mbili za kwanza ziliharibika. Hii ya tatu ilimtapisha hata maji. Daktari hakumung'unya maneno: asipokula, mtoto hatafika.

"Uji ulirudi, supu ikarudi, ndizi ikarudi," anasimulia. "Nilikuwa napika usingizini na nikiwa macho. Mikono ikawa inajiendea yenyewe."

Asubuhi moja mikono ilijiendea mpaka kwenye chumvi. Hakujua. Alikuja kugundua alipoonja kipande cha pembeni, na karibu unga wote wa siku ulikwisha kuokwa.

Alikaa chini, sakafuni. "Nikamwambia Bikira Maria, mama, wewe ulisimama chini ya msalaba ukamtazama wako. Mimi nguvu hizo sina. Nikiomba huyu wangu asipite huko, nakosea?"

Sista anayesimamia chumba, mtu wa maneno machache, alimkuta hapo.

"Umeungua mkono?"

"Nimetia chumvi, Sista. Zote."

Sista alivunja kipande, akatafuna polepole. "Kwa Misa hazifai," akasema. "Lakini hazijabarikiwa hizi, ni mkate tu. Mpelekee binti yako wodini." Akavua saa yake ya mkononi, akakunja mikono ya kanzu, akaanza kusugua vyombo mwenyewe.

Kifaranga alipoliona furushi jeupe, aligeukia ukutani.

"Mama, leo umeniletea karatasi?"

"Karatasi zenye chumvi. Weka ulimini, iache iyeyuke."

"Kama Komunyo?"

"Kama Komunyo. Ila hapa ukitaka ya pili unapewa."

Aliweka moja. Mama alishika beseni mapajani, wakangoja. Mapazia ya wodi yalivuta pumzi na kuitoa. Mama alisali Salamu Maria kumi, kisha ishirini. Beseni lilibaki kavu.

"Ipo nyingine?" binti akauliza.

"Na sisi majirani je, bibi," akadakia mama wa kitanda cha pili, "tunabarikiwa kwa kutazama?"

Siku hiyo Kifaranga alikula saba. Baada ya wiki, supu nayo ilikubali kukaa. Sista aliruhusu bakuli la pili la rojo, lililofungwa uzi mwekundu ili chumvi isipotee njia tena, na Mama Hostia huiokea wodi kila anapomaliza kazi ya altare.

Sasa ni wiki ya thelathini na tatu. Daktari anataka thelathini na saba. Bado hakuna wa kumpa neno la uhakika, na hamtafuti.

"Watu wananiuliza, je, Mungu akimchukua na huyu? Nitalia. Nimelia kifuani pa Mungu mara mbili, hakunisukuma. Lakini leo mtoto anacheza tumboni, leo nashukuru."

Juma lililopita alimfuata Sista kuomba likizo ya mwezi mzima.

"Ya nini?"

"Ya kumwogesha mjukuu."

"Mjukuu hajazaliwa, Mama."

"Najua. Ndiyo maana naomba mapema, upate wa kunishikia bamba."

Sista alisimama. Kisha akaishusha kalenda ukutani, akaiacha kalamu ya risasi iliyokuwa mezani, akatafuta ya wino mfukoni. Mwezi ujao, kuanzia Jumatatu ya mwisho, akaandika kwa herufi kubwa: *Mama Hostia yuko kwa mjukuu.*