Seli za Elieshi Zilizokataa Kunyamaza

Seli zilitakiwa kunyamaza. Hazikunyamaza, na lawama ikamwangukia aliyezilea.

Saa mbili asubuhi, Elieshi Nkya ameketi mbele ya kabati la hewa safi katika maabara moja katikati ya London. Kwa mrija wa mashine ananyonya maji ya rangi ya waridi, chakula cha seli, kutoka kwenye chupa bapa na kumimina mengine mapya. Ukimsemesha anatikisa kichwa: subiri.

"Hapa ukikohoa umeua," anasema akishavua glavu. "Nina watoto wawili nyumbani Edmonton, hapahapa London, na mamilioni humu ndani. Wa Edmonton angalau wanajipikia."

Elieshi, mwenye miaka arobaini na saba, ni mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro. London alianza kwa kutandika vitanda vya hoteli huko Hounslow, akaja kuosha vyombo vya maabara, kisha akafundishwa kulea seli. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Akishalipa kodi ya nyumba, hubaki na pauni mia nne kwa mwezi za chakula, nauli na za kumtumia mama.

Lugha ya maabara ni ngumu, ila jambo lenyewe halina uchawi. Juu ya kila seli kuna vipokezi, mfano wa kengele za mlangoni. Homoni ikibonyeza kengele, ndani yupo tarishi anayepeleka habari. Tarishi anayejulikana zaidi ni protini G. Novemba mwaka jana, mtafiti Nikhil Raithatha alikuwa akijaribu dawa ya kumfunga tarishi huyo. Habari haikutakiwa kufika. Ikafika.

Kabla ya jaribio, seli hunyimwa seramu, majimaji ya damu yanayozilisha, usiku kucha, maana seramu nayo hubonyeza kengele. Kwa hiyo Nikhil, ambaye wazazi wake walikuwa na duka Moshi, alimfuata Elieshi moja kwa moja.

"Dada Elieshi, sema kweli. Umezilisha?"

"Zimefunga tangu jana jioni."

"Wewe? Wewe huwezi kumwacha kiumbe na njaa. Jana tu umenishindilia mtori wa ndizi mpaka nikashindwa kupanda ngazi."

"Wewe ni mgeni, Nikhil. Hizi ni kazi."

Nikhil alicheka. Mkuu wa maabara hakucheka. Alisema kosa likijirudia, mkataba unaoisha Januari hautaongezwa.

Elieshi akataka jaribio lirudiwe. Safari hii Nikhil alisimama nyuma yake tangu mwanzo, akafunga mlango na kuondoka na ufunguo. Kesho yake seli zikajibu vilevile.

Hapo Nikhil akaacha utani. Akaeleza kwamba ndani ya seli kuna protini nyingine, arestini. Kazi yake kubwa ni kunyamazisha kengele iliyolia mno, lakini nayo huweza kubeba habari.

"Nikamwelewa mara moja," anasema Elieshi. "Treni za Overground zikisimama, watu wa Edmonton hawalali stesheni. Wanapanda basi. Wanachelewa, lakini kazini wanafika."

Kuthibitisha kulihitaji seli zisizo na arestini kabisa. Zilikuwepo kwenye friza, lakini hukua polepole: wiki tatu, na kuangaliwa kila baada ya siku moja. Tayari ilikuwa Desemba.

Mchagga haelezwi maana ya Desemba: ni mwezi wa kurudi nyumbani. Elieshi hakuwa ameonana na mama yake kwa miaka minne, na tiketi ilikwishanunuliwa.

"Nenda, dada. Nitazilea mimi," Nikhil alimwambia.

"Kama ulivyozilea zile za Mei? Tulizika zote."

Alipomwambia binti yake, Gladness, kwamba hatasafiri, binti alimjibu kwa Kiingereza kwamba hizo ni seli tu. "Nikamwambia, mwanangu, aliyeitwa mwongo si seli. Ni mimi."

Akabaki. Mwishoni mwa wiki ya tatu, protini G ikiwa imefungwa, tena arestini haipo, seli zilikaa kimya kabisa. Zile za kawaida, zenye arestini, zikaendelea kujibu. Njia zilikuwa mbili. Mkuu wa maabara alikuja mwenyewe, akasema samahani, akampa mkataba wa miaka mitatu.

Sasa Elieshi anamfundisha kazi Célestine, mama wa Kikongo anayeosha vyombo, ili Desemba hii awepo wa kushika chupa.

"Mikono anayo. Mdomo ndio bado, anaimba humo ndani," anasema. "Nitamnyoosha. Mimi Krismasi hii nipo Machame, hata London iungue."

Ushindi wake una bei. Fedha za tiketi hazikurudishwa. Kule Machame mbuzi wa Krismasi alichinjwa na kuliwa bila yeye. Mama yake, Bi Ndeambiliasia, mwenye miaka themanini na moja, alipigiwa simu kwamba binti haji. Hata hivyo alivaa kitenge kipya na kukaa barazani tangu asubuhi hadi jioni. Mwezi Machi macho yake yakaacha kuona, yote mawili. Elieshi atakapofika, mama atamjua kwa sauti.