Mbuzi Wawili wa Othmar

Shemeji yangu Othmar Ganahl ndiye aliyetengeneza skii, zile mbao za kutelezea thelujini, bora kuliko zote zilizowahi kutoka kijijini kwetu Gaschlina, na yeye mwenyewe aliteleza kama gunia lililodondoka kwenye mkokoteni. Alizaliwa na nyonga mbovu. Sisi watoto wengine tukishuka kwa fujo kutoka malishoni hadi nyuma ya kanisa, yeye alikuwa amekaa juu ya ua wa mbao, miguu inaning'inia, anatutazama. Jioni ananifuata. "Gebhard, skii yako ya kushoto imepinda." Nilikuwa nampiga ngumi kwanza, halafu ndiyo naenda kuikagua. Ilikuwa imepinda kweli, na hilo lilinikera zaidi.

Alipokua, kiwanda kikubwa cha huko chini bondeni kilimpa kazi ya kuchora skii. Kuchora gani! Kila mwaka walimletea skii ile ile, wakamwambia aibadilishe rangi na kuipa jina la kutisha. Alivumilia miaka kadhaa, akaacha, akarudi nyumbani na kumwoa dada yangu Luzia, aliyemzidi umri kwa miaka miwili na akili kwa zaidi ya hapo. Hilo la akili nalisema mimi kaka mtu, na sina haya. Kisha akatuomba zizi la marehemu baba. Ng'ombe walikuwa wameshaondoka. Tukasugua sakafu, tukaingiza mashine ya kukandamizia mbao za skii, na harufu ya gundi ikaifukuza harufu ya samadi, ingawa siku za mvua zote mbili hurudi kama ndugu waliopatana.

Alichotaka ni skii moja ya mlima mzima. Kwetu watu wana skii za theluji ya unga, pana kama mbao za kitanda, zinazoelea vizuri lakini zikikutana na njia iliyoganda zinapepesuka kilevi. Wana pia skii nyembamba za kung'ata barafu, ambazo kwenye unga zinakuzamisha hadi kiunoni. Othmar alisema huo ni uvivu wa mafundi. Asubuhi mlima una unga juu, barafu katikati na uji wa theluji chini, na mtu ana miguu miwili tu. Kwa nini abebe jozi tatu za skii?

Basi yeye alichora umbo, mimi nilikandamiza, Luzia aliteleza. Ndivyo kazi ilivyogawanyika. Dada yangu alikuwa mlinzi wa miteremko, mmoja wa wale wanaoshusha majeruhi kwa sleji ya kuburuta thelujini, na miguu yake ilijua mambo ambayo Othmar aliweza kuyawaza tu. Alikuwa anaingia zizini mashavu mekundu, anatupa jozi juu ya benchi.

"Ncha inapiga makofi."

"Wapi?" anauliza Othmar.

"Kwenye barafu pale chini ya nyaya za lifti. Na mkia unanishika, kama mtoto anayetaka kubebwa."

"Kushoto au kulia?"

"Kote, bwana! Usinihoji kama polisi, chukua randa."

Naye alichukua randa. Othmar alibishana na padri, alibishana na mimi, alibishana na redio, lakini hakubishana na miguu ya mke wake. Alipunguza kiini cha mbao hapa, akaongeza ukanda wa mti mgumu pale, mimi nikakandamiza tena, Luzia akapanda tena. Ilituchukua majira mengi ya baridi. Siku aliyoingia, akaegemeza skii ukutani polepole badala ya kuzitupa, na kusema, "Hizi msiziguse tena," Othmar alitoka nje akajifanya anakagua mabomba. Nilimwona analia. Nami nilifurahi kwa ajili yake, nasema ukweli, nilifurahi sana.

Kilichobaki ilikuwa picha ya kupamba juu ya skii, na picha ilikuwa yake peke yake. Hapo hakumwuliza mtu.

Alichora mbuzi wa mwambani, wale wenye pembe kubwa zilizojikunja. Mbuzi mmoja kwenye kila skii. Zikilala sambamba, mbuzi wamegeuziana migongo. Lakini ukizisimamisha na kuziweka msalaba, karibu na ncha, vichwa vinakutana, pembe zinashikana, na papo hapo una mbuzi wawili wanapigana juu ya theluji. Alipotuonyesha mezani, jikoni kwao, nilisahau kijiko mkononi. Tulikuwa tunakula riebel, ule unga wa mahindi wa kukaanga kwa siagi, na yangu ikapoa. Ilikuwa kazi ya ajabu. Hata manyoya ya shingo yalikuwa yanasimama.

Luzia hakucheka. Aliziachanisha skii, akazilaza.

"Othmar, una wazimu?"

"Hujaipenda?"

"Skii zikisimikwa msalaba maana yake nini?"

"Aa, Luzia."

"Nakuuliza. Maana yake nini?"

"Mtu ameumia," alisema Othmar, kama mwanafunzi.

"Mtu ameumia. Kila mtoto wa bonde hili anajua kabla hajajua kufunga viatu. Ukiona msalaba unasimama, unatafuta mtu. Sasa wewe unawafundisha watu wasimike msalaba waone mbuzi!"

"Ni picha tu, mke wangu. Watu watazisimamisha kwenye baraza za mikahawa, watanywa bia, basi."

"Na mlimani?"

"Nani atahangaika mlimani?"

"Wewe," alisema Luzia. "Nakujua. Wewe utakuwa wa kwanza."

Mimi nikatania kwamba mbuzi wawili wanaopigana humu jikoni wanatosha, na tukacheka, hata yeye kidogo. Picha ikabaki. Luzia alikuwa na ulimi mkali lakini alimpenda mumewe, na alijua ni miaka mingapi alikuwa akipaka rangi upuuzi wa watu wengine.

Skii zikavuma. Huku kwetu kitu kikisifiwa na watu wa bonde jirani ujue kimefaulu, na walizisifu huku wakisaga meno. Na kila baraza ulikuta misalaba. Kisha, kama Luzia alivyosema, Othmar akaanza kupanda na lifti kila Jumamosi na Jumapili, jozi kadhaa begani, na kuzisimika msalaba kando ya njia ya kuteleza ya Gampadur ili watu wazione na kuzijaribu. Walinzi wa miteremko walimkaripia mwanzoni. Baadaye wakazoea. Hata Elmar, aliyefanya kazi na Luzia miaka yote, akawa anawaambia wageni, "Msihofu, hao ni mbuzi wa Othmar." Msemo ukapendwa. Ukiona msalaba Gampadur, mbuzi wa Othmar, endelea na safari.

Nikiukumbuka msemo huo sasa, natamani kumng'oa mtu ulimi.

Jumanne moja ya Februari, baada ya theluji nzito na kisha jua, Luzia alikuwa na mapumziko. Othmar alikuwa amelainisha mkia kwa ajili ya toleo la mwaka unaofuata. "Nenda ukaniambie," alimwomba, naye akaenda peke yake asubuhi, kama alivyokwenda mara zisizo na idadi. Pale Gampadur alitoka kidogo nje ya njia, kwenye unga, akagonga jiwe lililofunikwa ukingoni mwa korongo, akatumbukia ndani. Goti la kulia likatoka mahali pake. Simu ilipasuka chini ya nyonga yake.

Alijikokota kwa viwiko hadi ukingoni, akafanya alichowafundisha watu maisha yake yote. Alisimika skii zake msalaba, imara, mahali pa kuonekana. Kisha ukingo ukameguka naye akateremka tena shimoni, skii zikabaki zimesimama juu, na safari hii hakuweza kupanda. Alipiga kelele. Lakini theluji mpya inakula sauti, na waliokuwa wanapita walivaa kofia ngumu, wengine na muziki masikioni.

Na walipita. Hilo ndilo linaloninyima raha mpaka leo. Asingeonekana na mtu ningemlaumu Mungu na kulala. Walimwona, yaani waliuona msalaba wake, wengi, tangu asubuhi hadi jua la jioni lilipogusa kilele. Walisimama. Walipiga picha. Baadaye tuliziona hizo picha, watu walikuwa wamezituma kila mahali: mbuzi wawili, anga la buluu, theluji safi kabisa mbele yao. Safi kwa sababu hakuna aliyesogea. Luzia, chini kule, alimsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, "Usikanyage hapo, utaiharibu picha!"

Elmar pia alipita. Mara mbili.

Lifti zilipofungwa, Elmar akafanya mzunguko wa mwisho wa kuhakikisha mlima hauna mtu, akakuta mbuzi bado wanapigana. Akakasirika. Alikwenda kuzing'oa ili ampelekee Othmar takataka zake. Alipofika ukingoni na kuinama, alimwona dada yangu.

Helikopta ilikuja haraka, hospitali walijitahidi. Daktari alitueleza kwenye korido, kwa upole, kwamba nyuma ya goti unapita mshipa mkubwa wa damu, nao ulikuwa umechanika ndani. Mguu usiopata damu hausubiri. Angefikishwa kabla ya mchana, alisema, tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Waliukata juu ya goti.

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Waongo. Kwetu asiyesikia alikuwa mmoja, na guu likawa la mwingine.

Alipoweza kuzungumza nilikuwepo chumbani. Othmar alikaa kwenye kiti bila kuvua koti.

"Walikuwa wanacheka," Luzia alimwambia. "Si kwa ubaya. Walifurahi. Mmoja alisema, tazama pembe zile, mtu huyu ni fundi."

Othmar aliinamisha kichwa.

"Sema kitu."

"Nisamehe."

"Hicho si kitu, Othmar. Sema kitu."

Othmar alifungua kifungo kimoja cha koti, akakifunga tena. Nilitaka kumpiga, nilitaka pia kumkumbatia, mwishowe nikaenda kutafuta maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Elmar alikuja zizini wiki ile. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Nilipouona msalaba nilijiuliza," alisema. "Leo Jumanne, Othmar anafanya nini huku? Nikajijibu, amekuwa mroho siku hizi, anatangaza hata Jumanne. Nikaenda zangu."

"Ulijijibu vizuri," alisema Othmar. "Hata mimi ningejijibu hivyo."

Wakatazamana, wanaume wawili wazima, na hakuna aliyejua aondokeje.

Unadhani watu waliziogopa skii zile? Habari ilipoandikwa magazetini wakazitaka mara dufu. Walipiga simu kutoka miji ambayo haina hata kilima. Mmoja aliniuliza kama bado tunazo "zile za yule mama". Nilimtukana kwa lugha ya nyumbani, akadhani namsalimia. Othmar alichukua michoro yote, pamoja na karatasi za kuchapia ambazo tulikuwa hatujazitumia, akaichoma nyuma ya zizi mchana kweupe. Tangu hapo skii zetu zikatoka nyeusi tupu. Zikaanza kuharibika pia, na hili sikumwambia mtu. Ncha zilipiga makofi. Mikia ilishika. Tulizikandamiza vilevile, mbao zile zile, lakini hapakuwa na mtu wa kuingia na kuzitupa juu ya benchi. Watelezaji wengine tuliowaomba walisema, "Ziko poa." Othmar alikuwa anasikia neno hilo na kuondoka chumbani.

Majira yale yote ya kiangazi alijifungia na kazi moja. Mimi nilidhani anachora tena. Vuli ilipoingia, malisho ya juu yakishapauka, alinivuta niende naye jikoni, maana aliogopa kwenda peke yake. Luzia alikuwa amekaa mezani, magongo yameegemea jiko, riebel kwenye kikaango.

Othmar akaweka mezani skii moja. Moja tu. Watu wa mguu mmoja huteleza hivyo kwetu, wakiwa na fimbo fupi zenye viteleza mwishoni. Ilikuwa pana zaidi kidogo ya zile za zamani, nyeusi, bila mstari wala mbuzi.

Luzia akaivuta, akapitisha kidole gumba kwenye kingo za chuma, akaikunja ncha kwa kiganja, akaiachia, akaisikiliza. Nilimwona Othmar akishika ukingo wa meza.

"Mkia umeulainisha," alisema Luzia.

"Ulisema unakushika."

"Ulikuwa unanishika." Akaikunja tena. "Haitapiga makofi hii."

"Hapana."

"Na picha hujaweka."

"Sitaweka tena."

Akaisimamisha wima kando ya kiti chake, akaitazama kuanzia ncha hadi mkiani kwa macho yale yale ya zizini, na kwa mara ya kwanza tangu Februari nilifikiri, labda.

"Nzuri," alisema dada yangu. "Ndiyo nzuri kuliko zote ulizowahi kutengeneza, Othmar. Sasa niambie. Nikianguka nayo, nitaisimika msalaba na nini?"

Riebel ilianza kuungua, nami nikainuka kuiepua.