Shemeji Yangu na Tonge la Kwanza Bombay

Punda wa boma hakupenda maji. Wadachi ndio kwanza wamejenga ngome yao Songea, mimi kijana bado, na punda huyo waliletewa kutoka pwani abebe masanduku. Akifika Mto Luhira anasimama. Askari wakamvuta masikio, wakamsukuma matako, mmoja akamwimbia kabisa. Punda anatazama milima ya Matogoro tu. Mwisho Mdachi akachoka, akamuuza kwa Mhindi mwenye duka la nguo na chumvi. Mhindi akamfunga kitambaa machoni, punda akavuka kama bwana harusi. Nikampenda mtu yule kwa akili hiyo, nikaomba kazi, nikawa mpagazi wake miaka mingi.

Lakini sikutaka kusema habari za punda. Nataka kusema habari za kula, maana Mhindi huyo ndiye aliyenifikisha Bombay.

Ilikuwa baada ya vita ya Maji Maji, njaa imeanza kulegea. Alikwenda huko kumchukua mama yake, bibi mzito asiyeweza mwendo, na alitaka watu wawili wa kumbeba kwa machela mpaka melini, kisha kutoka Lindi hadi Songea. Akanichukua mimi na shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu. Dada tulimzika mwaka ule wa njaa. Hakuacha mtoto.

Sasa shemeji alikuwa na shida yake. Kwetu Ungoni anayekupa chakula humega tonge la kwanza yeye mwenyewe. Ukiona amemeza, ndipo unaosha mikono. Sisi wengine tukiwa ugenini tunasamehe. Yeye hasamehi.

"Shemeji," aliniambia melini, "yale maji ya dawa niliyanywa bila kuuliza. Risasi haikugeuka maji hata moja. Tangu siku hiyo sili kitu kabla mwenye nacho hajala."

Melini tulijipikia, hakukuwa na neno. Ila Bombay tulilazwa kwenye ghala la pamba, na moto marufuku. Ukitaka kula, utoke ukanunue.

Siku ya kwanza Mhindi wetu alitutembeza kwa fahari, akatuingiza hoteli ya matajiri. Kuta vioo vitupu, meza za mawe meupe, wali wa zafarani unanukia mpaka barabarani. Shemeji akamsukumia mtumishi sahani. "Onja." Mhindi akatafsiri huku anatazama chini. Mtumishi akacheka, akaenda kuwaita wenzake waje kumwona. Mimi nilikula wangu, kisha nikala na wa kwake. Sioni haya kusema.

Kesho yake tukaenda kwa Mabaniani wasiokula nyama. Tulikaa baraza ya nje, chakula juu ya majani: dengu, chapati, achari kali ya kuliza mtu. Shemeji akaliinua jani mpaka karibu na mdomo wa mpakuaji. Lo! Mtu yule aliruka nyuma kama ameona nyoka. Kumbe kwao chakula kilichoguswa na mdomo wa mwingine ni najisi. Shemeji anadai heshima, wao wanaona uchafu. Tulifukuzwa, na nyuma yetu wakaosha baraza.

Tukashuka barabarani, kwa watu wa hali yetu. Muuza bajia alipoambiwa aonje alifoka. Alidhani tunasema zimechacha. Mimi nikazila zina moto, na kama kuna bajia tamu kuliko zile sijazionja. Shemeji alikula ndizi tu, kwa sababu alizimenya mwenyewe. Siku nne ndizi! Akipanda ngazi anashika ukuta.

"Huyu asipokula," Mhindi akaniambia, "mama yangu atabebwa na nani? Wewe na punda?"

Siku ya tano tukapita uchochoro nyuma ya msikiti. Palikuwa na mpishi wa supu ya kwato, jitu la tumbo kubwa, na wateja wake maskini wamezunguka sinia moja chini. Alimimina supu, akakaa nao, akamega mkate, akachovya, akala, akalamba vidole. Ndipo akawapungia mkono nao wale.

"Shemeji, umeona?" nikamwuliza.

"Nimeona."

"Amemeza?"

"Amemeza. Koo limepanda, likashuka. Sogea, unanizibia!"

Alikula mpaka wateja wakaacha kula wakamtazama. Mpishi alifurahi, akachukua mfupa wenye uboho, akaufyonza upande mmoja, akampa upande wa pili. Shemeji machozi yakamtoka. Kisha akainuka, akashika shoka, akampasulia kuni zote.

"Huyu ni mtu wa kwetu," akaniambia njiani. "Amezaliwa mbali tu."

Tangu hapo alikuwa haonekani ghalani mchana. Anapasua kuni, anakula, mashavu yanarudi.

Asubuhi ya kupanda meli, mizigo imefungwa, bibi ameshakaa kwenye machela analalamika Kihindi, shemeji akajitanda shuka.

"Naenda kula kwanza."

"Meli haingoji supu, shemeji."

"Sasa unataka nimbebe bibi na njaa?"

"Utarudi?"

Akacheka, kicheko ambacho sikukisikia tangu dada yangu afe. "Kule nyumbani dada yako hayupo, nani atanionjea?"

Akanishika bega, akateremka ngazi bila kushika ukuta, mikono nyuma, akakata kona penye muuza bajia. Hakurudi.